Rangi ya Mkono Wangu

Ninayaandika haya kwa ajili ya mtu mmoja. Simjui jina. Ni mtu aliyeona baka lililopauka mkononi, au mgongoni, au kwenye paja, akaligusa kwa ukucha akakuta halisikii kitu, kisha akashusha nguo na kuendelea na kazi. Marafiki zangu, vijana tunaosomeana hadithi zetu kila Jumamosi na kuota kuchapisha vitabu, walinishauri nigeuze mambo haya yawe riwaya, nimpe mhusika jina lingine, nimfanye mwema kidogo kuliko nilivyokuwa. Nimekataa. Jina lingine lingekuwa shati jingine lenye mikono mirefu.

Nilikuwa mwalimu katika shule ndogo ya madarasa manne, nje kidogo ya Njombe. Asubuhi nilifundisha hesabu na kusoma, jioni nilichora. Chuoni tulifundishwa na mama mmoja wa Kizungu ambaye, alipokuwa akirudi kwao, aliniachia sanduku la chaki laini za rangi. Hizi si chaki za ubaoni. Ni rangi tupu iliyoshikanishwa kidogo tu isimwagike, na ukiipitisha kwenye karatasi inaacha unga kama wa bawa la kipepeo. Hakuna brashi. Unaweka rangi kwa chaki, unaisambaza kwa kidole. Mimi nilitumia kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kwa kuwa ndicho chepesi. Karatasi yangu ilikuwa mifuko ya sukari niliyoomba dukani, nikaichana na kuinyoosha chini ya godoro. Ile rangi yake ya kaki ilinifaa. Ukungu wa kwetu ulikaa juu yake bila kulazimishwa.

Vilima niliviweza. Maua ya njano ya miti ya miwati niliyaweza. Kilichonishinda ni ngozi ya watu wangu. Kila niliyemchora alitoka kama chungu au kama majivu. Mama alipoiona picha yake aliitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole kama ndani ya picha ile alikuwa ameungua.

Baka lilikuja wakati wa mvua, msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Lilikuwa karibu na kiwiko cha kulia, upana wa kiganja cha mtoto. Nililigundua kwa sababu ya chaki zenyewe: unga ulishika mkono mzima wenye jasho, ila pale haukushika. Pale palikuwa pakavu. Nilichukua mwiba wa mti uani, nikachoma. Nikachoma tena. Kisha nikashusha mkono wa shati.

Nilijua. Kila mtu wa kwetu alijua. Kila mwaka wakati wa baridi lilikuja lori kutoka kambi ya wagonjwa wa ukoma, upande wa pili wa Makambako, likapita shule kwa shule. Waliokutwa na mabaka waliondoka nalo. Hatukusema ameumwa, tulisema amepanda lori. Dada yangu Eliza alikuwa amechumbiwa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mbele. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yao. Ukweli ni mdogo kuliko huo: niliogopa kwamba nikipanda lori, vitu vyangu vitachomwa, na chaki zikiwemo.

Asubuhi ya ukaguzi niliamka kabla ya watoto kuja. Nilivunja kipande cha chaki ya udongo mwekundu, kipande cha kahawia, na punje ya ile nyeusi inayoelekea buluu. Nikasaga kwa mgongo wa kijiko, nikatia mafuta ya nyonyo, nikapaka. Iling'aa mno. Nikaongeza unga, nikasambaza kwa kidole kile kile cha mwisho, taratibu, mpaka ukingo wa baka ukapotea. Nilisogea dirishani. Hakikuonekana kitu. Miaka yote nilikuwa nikiitafuta rangi ya watu wangu, na ndiyo hiyo, nimeipata, kamili, hai, siku niliyoihitaji kwa uongo. Nasema kweli: kabla ya kuona aibu, nilifurahi.

Aliyekuja na lori alikuwa dresa mmoja mzee, msaidizi wa daktari, jina lake Yeremia, Mkinga wa upande wa Kitulo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mimi ni Mbena. Wabena na Wakinga ni watani, na mtani akianza, wewe huna ruhusa ya kununa. Unajibu, au unaonekana mtu asiye na malezi. Watoto walisimama mstari mmoja kwenye ukungu, mashati mikononi, wakitetemeka. Mzee Yeremia akaniambia nianze mimi, wanafunzi wangu waone kwamba hakuna cha kuogopa.

"Haya, Mbena, vua," alisema. "Mbona mkono unatetemeka? Asubuhi hii ulanzi ulikuwa bado haujaiva?"

"Natetemeka kwa sababu Mkinga amekaribia mfuko wangu," nilijibu.

Watoto wakacheka. Akacheka na yeye. Alinishika kifundo cha mkono, akageuza, akatazama, na mimi sikuacha kumtania. Nilimuuliza kama amekuja kukagua ngozi au kuzinunua akauze. Kila alipoinamia mkono wangu nilimtupia neno jingine, naye kwa adabu ya utani alilazimika kuinua kichwa na kunijibu. Kwetu sisi hicho ni kitu chema. Ndicho kinachotufanya tuzikane bila ugomvi. Mimi nilikitumia kama mwizi anavyotumia mlango alioachiwa wazi. Akanipiga begani, akaandika kwamba mwalimu hana kitu. Siku ile lori liliondoka na wasichana wawili na mzee mmoja mpishi. Niliwapungia mkono. Mkono huo huo.

Miezi ilipita. Nilipaka rangi kila nilipokwenda kanisani, kila nilipoitwa kwa mkuu wa shule. Mwanzoni mwa mvua vidole viwili vya mwisho vilianza kujikunja, kama vinavyojikunja vya mtu aliyeshika kikombe kidogo. Nilijidanganya kwamba ni baridi. Kisha siku moja nikiwa nafundisha darasa kuchora mawingu ya jioni, nilisugua karatasi kwa kidole cha mwisho, nikaona wekundu mzuri unatanda chini ya wingu. Nilidhani ni chaki. Nilisugua zaidi, nikiwaeleza watoto jinsi nyekundu inavyopaswa kuwekwa kidogo kidogo. Msichana wa dawati la mbele akasimama, kama walivyofundishwa kusimama wakitaka kusema.

"Mwalimu," alisema, "kidole chako kimeisha."

Ngozi ya ncha ilikuwa imekwisha kusuguliwa yote. Sikuwa nimesikia hata kidogo.

Hata hapo sikusema. Nilifunga kitambaa. Aliyemaliza ubishi alikuwa mama. Jikoni kwake niliinua sufuria ya viazi kutoka kwenye mafiga kwa mikono mitupu, nikasimama nayo nikizungumza habari za harusi ya Eliza. Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto ashuke kwenye mti, "Lameki, baba, weka sufuria chini." Nikaweka. Akakigeuza kiganja changu, akaona kilivyotoka malengelenge. Kesho yake tulipanda lori la magome ya miwati kwenda Makambako. Dereva hakuuliza kitu, lakini alituelekeza nyuma, juu ya magome.

Wanaojua Makambako wanaujua upepo wake. Tulisubiri kwenye kibaraza cha kambi kwa nusu siku, na upepo ulipita bila kupumzika, ukitikisa bati. Palikuwa na mabenchi matatu na watu tisa, na kila mmoja aliacha nafasi ya mtu kati yake na mwenzake, kana kwamba wote tulikuwa tukimsubiri ndugu aje akae pale katikati. Mama peke yake alinibana mpaka nikahisi mbavu zake. Alitoa viazi vya kuchemsha kwenye kikapu. Alinipa kimoja, nikaking'ata, nikabaki nimekishika. Akakichukua mkononi mwangu akamalizia yeye, mbele ya wote, akitafuna polepole. Kama wewe uko kwenye benchi kama lile sasa, sina dawa ya kukupa. Nakuombea mtu wa kumalizia kiazi chako.

Mlango ulipofunguliwa, aliyeita majina alikuwa Mzee Yeremia.

Alinitambua mara moja. Alitabasamu, alifungua mdomo aseme neno la utani, kisha akaona kidole kilichofungwa. Akaniingiza ndani pamoja na mama. Alinifumbisha macho, akanigusa kwa unyoya wa kuku hapa na pale, akitaka nioneshe alipogusa. Nilionesha begani, kifuani, shavuni. Baada ya hapo nilisubiri muda mrefu aendelee, mpaka nikaelewa kwamba hakuwa ameacha. Nilifumbua macho. Unyoya ulikuwa juu ya baka, na mzee alikuwa ameliinamia mpaka miwani inakaribia kunigusa.

"Hili si la juzi," alisema. "Hili lilikuwepo siku ile. Niliushika mkono huu, nikacheka na wewe, nikaupita." Akavua miwani. "Nisamehe, mwalimu. Mama, nisamehe. Macho yangu yamemponza mwanao."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilisikia maneno yamefika mpaka kwenye meno. Mama akasema hakuna kosa, ni kazi ya Mungu, naye mzee akatikisa kichwa akaandika. Mimi nikavaa shati.

Matibabu yalikuwa vidonge, Jumanne na Ijumaa, meza mbele ya dresa, fungua mdomo aone. Jumanne na Ijumaa ndizo zikawa kalenda yangu. Kwenye kidonge cha kumi nilishikwa na homa, baka likawaka jekundu, na mshipa wa kiwikoni ukavimba kama kamba ya kisima. Maumivu yalitoka pale yakashuka mpaka kwenye vidole ambavyo havikuwa vikisikia kitu kingine chochote. Nilifungwa mkono shingoni kwa wiki nyingi. Mzee Yeremia alikuwa akija kunikanda kwa mafuta, kidole kwa kidole, akivinyoosha na kuvihesabia, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Hakunitania hata siku moja. Wabena wengine wa kambini aliwatania mpaka wakalia kwa kucheka. Nilipomuuliza kwa nini mimi ananiruka, alisema mtu uliyemharibia mkono humtanii. Huna tena haki hiyo kwake.

Mama alikuja kila mwezi na kikapu. Baba hakuja. Alituma salamu kwamba ng'ombe amezaa. Upande wa mchumba wa Eliza ulisema harusi isubiri kidogo, na kidogo hicho hakikupewa jina. Mama alinieleza haya yote akitazama pembeni, huku mkono wake uko juu ya wangu.

Mvua zikaisha. Daktari, Mzungu aliyekuwa akija mara mbili kwa mwezi, alisoma karatasi zangu na kuuliza ni nani aliyemkagua mtu huyu mwaka jana akaandika hana kitu. Mzee Yeremia alisema ni yeye. Uamuzi ulijulikana kambi nzima kabla ya jioni: safari hii lori la ukaguzi litakwenda na dresa mwingine. Mzee atabaki kuchemsha bendeji. Alikuwa ameifanya safari ile tangu ilipoanza. Watoto wa Njombe, Lupembe na Matembwe walimjua kwa uzi wa miwani yake. Nilimwona akijaribu kusoma maandishi ya chupa ya dawa kwa mbali, akisogea, akirudi nyuma, akijipima. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba ni kipofu.

Na mimi nilinyamaza. Nilijiambia amezeeka hata hivyo. Nilijiambia bendeji ni kazi nyepesi. Mtu mwenye aibu ana huruma nyingi sana, na zote huziweka mahali zisipohitajika.

Mkono ulipofunguliwa, mama aliniletea sanduku la chaki. Halikuwa limechomwa, lilikuwa chini ya kitanda changu, kama nilivyoliacha. Niliogopa kulifungua. Niliambiwa nisitumie vidole visivyosikia, kwa hiyo nilikunja kitambaa laini nikakifunga kwenye kidole gumba. Nilichora ovyo, kama mtoto. Nilichora upepo, yaani nyasi zilizolala. Sikujua hamu ingerudi kwa njia gani. Ilirudi kwa njia ya uso. Mzee Yeremia alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha bendeji, jua la saa tatu likimpiga upande mmoja, akizungusha bendeji zilizokauka. Niliona jinsi mwanga ulivyokaa juu ya shavu lake, nikachukua karatasi bila kufikiri. Nilifanya kazi kwa kasi. Sijawahi kuchora hivyo kabla wala baada. Ilikuwa kana kwamba uso ule umo tayari ndani ya karatasi na mimi ninaufuta vumbi.

Ndipo nilipoutazama mkono wangu. Ulikuwa umeokota udongo mwekundu, kisha kahawia, kisha punje ya ile nyeusi. Haukuniuliza. Shavu la mzee lilikuwa hai kwenye karatasi, rangi kamili, na nilijua nimejifunzia wapi.

Sikuweza kumalizia jicho. Lori lilikuwa liondoke asubuhi iliyofuata. Nilichukua sanduku na chupa ndogo ya mafuta aliyokuwa akinikandia, nikaenda mpaka kizingitini.

Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama. Hakuelewa. Alidhani namhurumia, kwamba nimetunga hadithi ili arudishiwe safari. Aliniambia niache, kwamba uongo wa huruma nao ni uongo. Basi nikakaa chini mbele yake, nikasaga, nikatia mafuta, nikapaka. Baka lilikuwa bado linaonekana wakati ule, limepauka pembeni na jekundu katikati. Nilisambaza kwa kitambaa mpaka likapotea. Nikamnyooshea mkono.

Mzee aliutazama. Akausogeza kwenye jua. Akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akachovya kipande cha bendeji kwenye maji akafuta, mara moja, kwa nguvu. Bendeji ikatoka kahawia, na baka likatazamana naye.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango. "Kumbe naona," alisema. "Kumbe macho yangu mazima." Nilisimama pale nikimsikiliza akicheka kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa macho, na sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri na cha kutisha kama hicho, kwa sababu nilijua kitaisha. Kikaisha. Nilimwona akihesabu moyoni, kutoka baridi ile mpaka siku niliyokaa kwenye benchi.

"Miezi tisa," alisema. "Vidole hivi vingekuwa vimenyooka."

"Ndiyo, mzee."

Akakishika kidole changu cha mwisho, kile kilichokunjika, akakitikisa kidogo kama anakipima uzito. "Hiki nimekibeba mimi tangu mvua. Nalala nacho. Nasali nacho." Akakiachia. "Chukua. Kibebe mwenyewe."

Akanipeleka kwa daktari, ambaye kwa bahati alikuwepo, na kunifanya nirudie kila neno. Mama alipokuja mwisho wa mwezi alisimama kando yangu mpaka nikamwambia na yeye. Mama hakushangaa. Alisema alikuwa akifua mashati yangu mwaka mzima, na kila mara maji yalitoka na udongo ambao haukuwa wa barabara ya kwetu. Hakuuliza kwa sababu aliogopa nitamjibu. Tukawa wawili wa kutazama chini.

Asubuhi baada ya siku ile ya kizingitini, lori lilikuwa limeondoka na Mzee Yeremia. Alirudi baada ya wiki tatu na watu saba, wote mabaka yao madogo, wote vidole vimenyooka, na sijasikia kwamba hata mmoja wao amepoteza kidole. Mimi nilimeza vidonge kwa misimu mitatu ya baridi. Viwili vyangu vilibaki vimekunjika. Nachora kwa vitatu na kitambaa. Eliza ameolewa, na mtu mwingine, mwema kuliko yule. Baba alikuja mara moja, akasimama nje ya geti, akaniuliza kama nakula.

Kabla sijapewa ruhusa ya kurudi nyumbani, mzee alinitaka nifuatane na lori. Tangu siku ile ya kizingitini amebadilisha namna ya kukagua. Hatazami mkono wa mtu mpaka umefutwa kwa kitambaa chenye maji. Anayebeba karai la maji ni mimi. Nimekwenda naye Njombe, Matembwe, mpaka shule yangu mwenyewe. Watoto wanalia kwa baridi, maana maji ya kule asubuhi yanakaribia barafu, na wanalaani utaratibu huu bila kujua umetoka wapi. Hakuna anayewaambia. Mzee anawatania wote katika mstari, akifika kwangu ananyamaza, anachovya kitambaa, anaendelea.

Kila baada ya mtu natazama maji. Hubaki meupe. Watoto wale hawana rangi wala uongo. Wana vumbi tu, na vumbi hukaa chini. Napaswa kufurahi, na mara nyingi nafurahi. Lakini nilisema sitavaa shati jingine, basi nikuambie na hili. Ziko asubuhi ambazo, nikiinamia karai lile, natamani maji yabadilike mara moja tu, nipate mwenzangu.

Usiwe wewe. Nenda wakati vidole bado vimenyooka.